Maliza Ulichoanza: Blanketi la Viraka na Kazi za Kila Siku



Karibu kila nyumba ina mfuko mmoja ambao haufunguliwi. Uko chini ya kitanda, au darini, au nyuma ya debe la mahindi. Ndani yake mna vipande vya vitenge, khanga iliyochanika, foronya isiyo na vifungo, sindano iliyoshika kutu na uzi uliojisokota. Mwenye mfuko ukimwuliza, atakujibu, "Hiyo ni kazi yangu ya mkono. Nitaimalizia nikipata nafasi."

Nafasi hiyo haiji. Mvua zikianza, kuna kulima. Zikikatika, kuna kuvuna. Mtoto anaumwa, mgeni anafika, msiba unatokea, kikao kinaitishwa. Mwaka unapita, na mfuko uko pale pale. Mwenyewe anaanza kuona aibu kuufungua.

Somo la leo linahusu mfuko huo. Tutajifunza mambo matatu. Kwanza, blanketi la viraka ni kitu gani, na wanawake wa kijiji kimoja cha wakulima walilishonaje katikati ya kazi nyingi. Pili, jinsi ya kutumia daftari na kalamu kumaliza kazi zilizobaki nusu. Tatu, jinsi ya kushona blanketi dogo la mtoto kwa nusu saa kila siku. Soma polepole. Ukichoka, weka alama, urudi kesho.

BLANKETI LA VIRAKA NI NINI?

Kiraka tunakijua sote. Suruali ikitoboka goti, tunatia kiraka. Blanketi la viraka ni zaidi ya hapo. Mtu huchukua vipande vingi vya nguo, akaviunganisha vikawa kitambaa kimoja kikubwa. Wamarekani huliita kwilti.

Blanketi hili lina matabaka matatu. La juu ni uso, yaani vile vipande vilivyounganishwa. La kati ni ujazo, yaani kitu cha kuleta joto, kama pamba au blanketi kuukuu. La chini ni bitana, yaani kitambaa kizima kinachofunika mgongo wa kazi. Matabaka hayo matatu hushonwa pamoja kwa mishono inayopenya toka juu mpaka chini, ili ujazo usikimbilie upande mmoja. Kuunganisha vipande tu hakutoshi. Uso bila ujazo na bitana hauleti joto.

Na hapo ndipo wengi wanapokwama. Huko Marekani, katika nyumba za zamani, mpaka leo hupatikana nyuso za mablanketi zilizounganishwa miaka mingi iliyopita, lakini hazikutiwa bitana hata siku moja. Aliyezishona alikwisha fariki. Kazi ilikuwa nzuri, rangi zinapendeza, ila hakuna mtoto aliyewahi kujifunika. Basi ujue kwamba ugonjwa wa mfuko wa chini ya kitanda si wa kijiji chako peke yake.

WANAWAKE WA GEE'S BEND

Tuwatazame sasa watu walioijua kazi hii vizuri. Katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend. Jina hili husomwa "Jiizi Bendi". Siku hizi jina lake rasmi ni Boykin. Mto Alabama umekizunguka kijiji hicho pande tatu.

Watu wa Gee's Bend ni weusi, wajukuu na vitukuu vya watumwa waliolimishwa pamba katika shamba kubwa la hapo. Joseph Gee alilianzisha shamba hilo mwaka 1816. Mwaka 1845 lilichukuliwa na Mark Pettway. Ndiyo maana mpaka leo familia nyingi za hapo zinaitwa Pettway, ingawa si wa damu moja naye. Utumwa ulipokwisha, watu walibaki palepale wakilima pamba na kugawana mavuno na mwenye ardhi. Walikuwa huru, lakini madeni hayakuwaachia.

Mwaka 1932 lilitokea jambo baya. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiwakopesha alikufa. Watu wa upande wa mjane wake wakaja kudai. Walichukua mifugo, majembe, zana na hata akiba ya chakula. Wanakijiji waliingia majira ya baridi mikono mitupu. Na baridi ya huko si mchezo, maana nyumba zao zilikuwa za mbao zenye nyufa. Walibandika magazeti ukutani kuzuia upepo. Usiku walijifunika mablanketi ya viraka, moja juu ya jingine.

Basi unaona kwamba kwao blanketi la viraka halikuwa pambo. Mama asipolimaliza kabla ya baridi, watoto watatetemeka. Vitambaa vya dukani hawakuwa na fedha ya kununua. Walishona nguo za kazi zilizochakaa, magunia ya unga na ya mbolea, na mabaki yoyote. Ujazo ulikuwa pamba, mara nyingine ile iliyofagiwa sakafuni kwenye kiwanda cha kuchambulia.

Mwaka 1942 mama mmoja wa hapo, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Akazichukua nguo zake za kazi, suruali na mashati aliyoyavaa shambani, akazikata na kuzishona blanketi, apate kujifunika kwa kumkumbuka. Binti yake Arlonzia alimsaidia, na ndiye aliyekuja kutusimulia habari hiyo. Blanketi hilo leo limehifadhiwa Washington, katika jumba la sanaa la taifa. Rangi zake zimepauka kwa jua na kufuliwa. Mama Missouri alikuwa na msiba, alikuwa na watoto, alikuwa na shamba. Hata hivyo alilimaliza.

WALIPATA WAPI NAFASI?

Hili ndilo swali letu. Mwanamke wa Gee's Bend alikuwa shambani tangu asubuhi. Alipika, alifua, alilea. Nafasi aliipata wapi?

Jibu ni kwamba hakuingoja nafasi kubwa. Kazi aliigawa kufuata majira. Wakati wa kilimo alikata vipande na kuviunganisha kidogo kidogo, jioni au mchana wa jua kali. Kipande ni kitu kidogo. Unakishika mkononi, mtoto akilia unakiweka, ukirudi unaendelea palepale. Kazi kubwa ya kuyashona matabaka matatu pamoja aliiacha mpaka baridi, shamba linapopumzika. Hapo uso, ujazo na bitana vilitandikwa katika fremu ya mbao, na wanawake wakakusanyika kuizunguka.

Tena ziko kazi za kufanya peke yako, na ziko za kufanya na wenzako. Uso kila mama aliushona peke yake, kwa kupenda kwake, maana hapo ndipo penye akili na ufundi wake. Mitindo ilikuwa na majina. Mmojawapo uliitwa "paa la nyumba". Unaanza na kipande cha katikati, unakizungushia vitambaa mpaka panatokea miraba ndani ya miraba. Lakini kushona matabaka ni kazi ndefu inayochosha mgongo. Hiyo waliifanya pamoja, huku wakizungumza na kuimba. Leo kwa fulani, kesho kwa fulani mwingine.

Majira ya kuchipua yalipofika, waliyaanika mablanketi nje yapigwe na jua. Jirani akipita akaona kazi nzuri, alirudi kwake akajaribu yake. Hiyo ilikuwa shule yao ya ufundi.

KWA NINI KAZI ZETU HUBAKI NUSU?

Hebu tuseme kweli. Mara nyingi si uvivu. Sababu ni hizi:

1. Tunaanza kazi nyingi kwa wakati mmoja. Tumeona kitambaa kizuri, tunakikata, kumbe cha kwanza hakijaisha.

2. Tunangoja siku nzima ya mapumziko. Mkulima hana siku kama hiyo.

3. Kinakosekana kitu kidogo. Uzi mwekundu umekwisha, au vifungo viwili havipo. Kazi nzima inalala kwa ajili ya kitu cha bei ndogo, na siku ya gulio hatukumbuki kukinunua.

4. Hatukuandika. Baada ya miezi mitatu hatujui tena tulifika wapi wala tulitaka kufanya nini.

5. Watu wa nyumbani wanaiona kazi hii kama mchezo wa mama. Basi kila shughuli ikitokea, ya kusukumwa pembeni ndiyo hiyo.

Kwa hiyo ya tano nazungumza na akina baba. Ndugu, mama anaposhika sindano nusu saa jioni, anatengeneza kitu mtakachojifunika wote. Siku mbili kwa juma chota maji wewe, au mwambie kijana aoshe vyombo. Hutapungukiwa kitu. Na wewe mwenyewe, lile zizi lililobaki bila mlango na kile kigoda chenye miguu miwili, navyo ni vya mfuko uleule.

DAFTARI LA KAZI

Wewe uliyehitimu kisomo una silaha moja ambayo akina mama wengi wa zamani hawakuwa nayo. Unajua kuandika. Basi itumie.

Chukua daftari la kawaida la mwanafunzi. Mwaga mfuko wako mkekani. Usione aibu. Panga kila kazi mahali pake, kisha andika kila moja: ni kazi gani, imefika wapi, inahitaji nini. Tuseme mama mmoja amepata kazi tano. Ataandika hivi:

1. Foronya. Imeshonwa, bado vifungo. Inahitaji vifungo 2.

2. Blanketi la mtoto. Vipande 18 vimekatwa, bado 12. Inahitaji kitambaa cha bitana.

3. Kitambaa cha meza. Kimetariziwa upande mmoja. Kinahitaji uzi mwekundu.

4. Sweta. Bado mkono mmoja. Inahitaji nyuzi za kijani.

5. Mkeka. Ukili pima 6 umesukwa. Unahitaji ukindu.

Akimaliza kuandika, atashangaa. Alidhani ana mlima wa kazi, kumbe ni mambo matano, na moja linahitaji vifungo viwili tu.

Sasa achague ipi? Kanuni ni mbili. Kwanza ile iliyo karibu kwisha. Atie vifungo, foronya imalizike leo, aione kwa macho yake. Kazi moja ikiisha, moyo unapata nguvu. Pili ile yenye haja. Kama baridi inakaribia, blanketi la mtoto litangulie kitambaa cha meza. Meza haioni baridi.

Vitu vyote vinavyohitajika aviandike katika karatasi moja ndogo, aende nayo gulioni. Pia ajiwekee sharti: hakati kitambaa kipya mpaka kazi mbili za zamani ziishe.

Na kama kuna kazi ambayo hataki tena? Labda sweta lilikuwa la mtoto ambaye sasa ni kijana mkubwa. Basi alifumue, nyuzi azitumie kwa kitu kingine, au ampe jirani mwenye mtoto mdogo. Kisha apige mstari kwenye daftari. Kuacha kazi kwa kukusudia si kushindwa. Kibaya ni kuiacha ioze mfukoni huku inakusumbua moyoni.

TUFANYE HESABU YA BLANKETI LA MTOTO

Sasa tuanze kazi yenyewe. Tunataka blanketi lenye upana wa sentimeta 100 na urefu wa sentimeta 120. Tutatumia miraba ya sentimeta 20.

Upana: 100 gawanya kwa 20 ni miraba 5.
Urefu: 120 gawanya kwa 20 ni miraba 6.
Jumla: 5 mara 6 ni miraba 30.

Lakini angalia! Mshono unakula kitambaa. Kila upande wa mraba utaliwa sentimeta 1. Kwa hiyo kata miraba ya sentimeta 22 kwa 22. Ukikata 20 kamili, blanketi litakuwa fupi.

Sasa tuhesabu siku, kwa nusu saa kila jioni:

Kukata miraba 30, miraba 5 kwa siku: siku 6.

Kuunganisha miraba kuwa mistari. Mistari ni 6, kila mmoja una miraba 5 na mishono 4. Mishono yote ni 24. Mshono mmoja kwa siku: siku 24.

Kuunganisha mistari 6 kuwa uso mmoja. Ni mishono mirefu 5. Kila mmoja siku 2: siku 10.

Kutandika matabaka na kupiga bandi: siku 2.

Kushona matabaka pamoja. Mistari 4 ya kwenda chini na 5 ya kukata, jumla 9. Kila mstari siku 2: siku 18.

Kushona pindo, pande 4: siku 4.

Jumlisha: 6 + 24 + 10 + 2 + 18 + 4 = siku 64.

Ukianza tarehe 1 Aprili, siku ya 64 ni tarehe 3 Juni. Ongeza siku 14 za ugonjwa, msiba na wageni. Utamaliza tarehe 17 Juni. Kwa ndugu zetu wa Njombe, Makete na Mbeya, huo ndio wakati baridi inapouma. Mwenye cherehani atamaliza mapema zaidi. Wa sindano ya mkono asivunjike moyo, haba na haba hujaza kibaba.

JINSI YA KUSHONA

1. Kusanya vitambaa. Mwombe fundi cherehani mabaki yake. Tafuta nguo kuukuu ambazo bado zina sehemu nzima. Pagusie kidole. Kitambaa kikichanika kwa kuvutwa kidogo, kiache.

2. Fua vyote kwanza, kila rangi kali peke yake. Vitambaa vingine hunywea na vingine huchuja rangi. Afadhali vinywee sasa kuliko baada ya kushonwa. Anika, kisha piga pasi.

3. Usichanganye kitambaa kizito kama cha jinzi na chepesi kama cha kanzu. Kizito kitakivuta chepesi mpaka kichanike.

4. Kata kipimo cha mraba katika boksi gumu, sentimeta 22 kila upande. Kiweke juu ya kitambaa, chora kwa chaki, kata. Hivyo miraba yote italingana.

5. Panga miraba yote mkekani kabla ya kushona. Tazama rangi kwa mbali. Badilisha mpaka upende. Kisha andika namba kwenye vipande vya karatasi, uvibane na pini, ili upepo au mtoto asikuvurugie.

6. Unganisha miraba kwa kuigeuza, uso kwa uso. Shona mishono midogo midogo, sentimeta 1 kutoka ukingoni. Kila mwisho wa mshono rudisha sindano mara mbili ili uzi usifumuke.

7. Kwa bitana tafuta kitambaa kizima cha sentimeta 110 kwa 130. Upande mmoja wa khanga kwa kawaida hutosha, lakini pima kwanza. Kwa ujazo tumia blanketi kuukuu lililofuliwa, likatwe sawa na uso.

8. Tandika bitana chini, mgongo ukitazama juu. Weka ujazo katikati. Weka uso juu. Bitana itazidi kidogo kila upande. Nyosha vizuri, kisha piga bandi, yaani shona mishono mirefu ya kushikiza kwa muda. Anzia katikati ukienda nje. Ukianzia pembeni, katikati patakunjamana.

9. Sasa shona kufuata mistari ya miraba, sindano ipenye matabaka yote matatu. Vaa subana kidoleni. Ukimaliza, fumua bandi.

10. Kunja ile bitana iliyozidi, mara moja kwa ndani na mara ya pili juu ya uso. Hilo ndilo pindo. Lishone pande zote nne.

Zingatia mambo mawili. Fanya kazi penye mwanga wa kutosha, mchana au kwa taa nzuri ya umeme wa jua. Kushona gizani kunachosha macho, na kazi inakwenda kombo. Tena hesabu sindano na pini zako kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Ikipungua moja, usilale mpaka umeipata. Mtoto anatambaa.

Kila jioni ukimaliza, tia alama ya vema kwenye daftari. Siku uliyoshindwa, andika sababu kwa neno moja: "mgeni", "homa", "mavuno". Baada ya miezi miwili utakuwa na habari ya maisha yako, umeiandika mwenyewe.

TUMALIZE PAMOJA

Kama wanawake wa Gee's Bend, kazi ndefu ifanyeni kwa pamoja. Watu wanne wanaweza kukutana Jumamosi moja wakashona mistari yote tisa ya blanketi moja. Jumamosi ya pili kwa mwingine. Baada ya Jumamosi nne kila mmoja ana blanketi lililomalizika. Asiyejua atajifunza kwa anayejua, na asiye na subana ataazimwa.

Ushirika huo unaweza kukua. Kabla ya mwaka 1965, mtu mweusi wa Alabama aliyetaka kujiandikisha kupiga kura aliwekewa mitihani ya kusoma na kuandika iliyotungwa ili ashindwe. Watu wa Gee's Bend waliposimama kudai haki hiyo, kivuko chao cha kuvuka mto kiliondolewa mwaka 1962. Kufika mji wa Camden, ng'ambo ya mto, ikawalazimu kuzunguka zaidi ya kilometa 60. Kivuko hicho kilirudishwa mwaka 2006. Wengine walifukuzwa katika nyumba walizopanga kwa sababu ya kutaka kura. Katika shida hiyo, mwaka 1966 wanawake wa eneo lile waliunda ushirika wa kushona mablanketi na kuyauza mijini. Ushirika ulifungwa mwaka 2012, lakini kwa miaka mingi uliwapatia fedha wanawake ambao hawakuwa na mshahara mwingine.

Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yalionyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa ya Houston na New York. Watu walipanga mstari kuyatazama. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha zake. Vitu vilivyoshonwa kuzuia baridi vikawa vya kutazamwa na dunia nzima.

Fedha zilipoingia, maneno nayo yakaja. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani juu ya malipo na matumizi ya kazi na majina yao. Kesi hizo ziliisha mwaka 2008. Sisi tujifunze hili: anayetaka kununua kazi yako, kuipiga picha auze, au kutumia jina lako, mwambie aandike. Soma karatasi yote. Neno usilolielewa, uliza. Ukiwa bado hujaelewa, usitie saini wala dole gumba. Kwa jambo kama hilo ulihangaika kujifunza kusoma.

MANENO MAPYA

Uso: tabaka la juu la blanketi la viraka.
Ujazo: kitu cha katikati kinacholeta joto.
Bitana: kitambaa cha ndani au cha mgongo wa nguo.
Bandi: mishono mirefu ya kushikiza kwa muda.
Pindo: ukingo wa kitambaa uliokunjwa na kushonwa.
Subana: kikofia cha chuma cha kukinga kidole kisichomwe na sindano.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini wanawake wa Gee's Bend walishona vipande wakati wa kilimo, na matabaka wakati wa baridi? Katika kijiji chetu kazi ipi ifanyike majira gani?

2. Mama Missouri alishona nguo za marehemu mumewe. Je, kwetu nguo za marehemu hufanyiwa nini? Mnalionaje jambo alilofanya?

3. Katika sababu tano za kazi kubaki nusu, ipi ni kubwa nyumbani kwako?

4. Akina baba: taja kazi moja ya nyumbani utakayoifanya juma hili ili mwenzako apate nusu saa.

ZOEZI LA HESABU

Mtu anataka blanketi la kitanda lenye upana wa sentimeta 160 na urefu wa sentimeta 200, kwa miraba ya sentimeta 20. Atahitaji miraba mingapi? Akikata miraba 5 kwa siku, atamaliza kukata kwa siku ngapi?

(Majibu: miraba 80; siku 16.)

KAZI YA NYUMBANI

Fungua mfuko wako leo kabla ya kulala. Andika kila kilichomo. Chagua kazi moja iliyo karibu kwisha, uimalize kabla ya Jumamosi. Njoo nayo kwenye kikundi, na daftari lako mkononi.